Bonyeza Moja kwa Bati, Bonyeza Mbili kwa Saruji

Kaunta ya duka langu la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini ina simu tatu, na zote zinalia nikiwa stoo nahesabu nondo. Mteja wa Newala akipiga ya kwanza, anapokea mama watoto, anamtajia bei ya jana. Akipiga ya pili, anapokea kijana wa mizigo, anamtajia bei aliyoota. Ya tatu haina chaji. Msimu wa korosho ndiyo usiseme: mnada ukipita, wakulima wakishalipwa, Tandahimba nzima inataka kuezeka siku moja, na kila mtu anauliza bati la unene wa geji 30 bei gani.

Basi mpwa wangu karudi kutoka Dodoma alikosomea kompyuta. Huku kwetu umakondeni mpwa si mtoto wa kumpuuza. Ukimkatalia, dada anapiga, na simu ya dada huwezi kuikata. "Mjomba," akaniambia, "biashara hii inataka simu ya intaneti. Namba moja tu. Mteja akipiga, inalia kwako, isipopokewa inahamia kwa mkeo, kisha kwa kijana wa mizigo. Mazungumzo yanarekodiwa." Hapo kwenye kurekodiwa nikasisimka. Hatimaye nitajua nani anawakopesha watu saruji kwa jina langu!

Akaniletea kijana wa mauzo. Kavaa tai. Tai, Mtwara, mwezi wa kumi na mbili! Jasho linamtiririka kama mtu anayeungama. Akafungua kompyuta, kifurushi cha chini, cha kati, cha juu, kila kimoja kinalipiwa kwa kichwa, kila mwezi, kwa dola. Nikamuuliza, mwanangu, umeniona nauza misumari kwa dola? Akacheka, akafungua ukurasa mwingine. Huo ulikuwa na grafu.

Nikamwambia grafu baadaye, kwanza tuongee umeme. Simu ya mezani ya zamani ilikuwa inaletewa umeme wake na waya uleule wa simu, kutoka kituoni, kwa hiyo mtaa ukiwa giza bado unaongea. Hii ya intaneti, ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti, ikizimika na duka limekuwa bubu. Na sisi ndio wenye gesi! Tangu 2015 bomba linaibeba gesi kutoka Madimba hapo hadi Dar es Salaam, sisi wenye nayo umeme ukikatika tunapapasa tochi chini ya mto. Kijana akasema nitanunua betri ya akiba ya kuishikilia ruta. Bei ya betri ipo kwenye kifurushi? Haipo. Basi, akasema, umeme ukikatika mfumo utazihamishia simu kwenye namba yako ya kawaida ya mkononi. Yaani nilipe dola ili niishie kwenye simu hiihii niliyoishika.

Intaneti yenyewe je? Mpwa akadakia kwamba mazungumzo ya kawaida yanakula kama kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, hata watu watano wakiongea pamoja haizidi megabiti moja. Nikafurahi. Kumbe sikutakiwa kufurahi. Kasi sio tatizo, anasema, tatizo ni sauti kuchelewa na kufika vipandevipande. Ikizidi milisekunde 150 njiani, watu wanaanza kudandiana maneno. Tukajaribu palepale, na mwanangu yuko chumba cha nyuma anatazama mpira kwenye ruta hiyohiyo. Mpwa akapiga akiwa nje, kajifanya mteja: "Nataka ba... ishirini na na... ji..." Bati ishirini na nane, au bati geji ishirini na nane? Hapo kuna lori zima la tofauti. Akasema ruta inaweza kupangwa itangulize sauti mbele ya mpira. Huo mpangilio peke yake ningeununua, na si kwa ajili ya simu.

Nikamkumbusha pia Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika Somanga, magari yakalala huko. Hatujakaa sawa, nyaya za chini ya bahari nazo zikapata hitilafu huko upande wa Afrika Kusini, intaneti ya nchi nzima ikawa inatambaa. Bati haliji, na wa kumwambia haliji humpati. Kijana wa tai akasema hali kama hizo ni nadra. Nikamuuliza siku tukiachana, namba mpya nitakayokuwa nimeichora ukutani na kwenye fulana za timu ya mtaa inabaki kwangu au anaondoka nayo? "Hilo tutaliangalia, mzee." Swali pekee la maana, ndilo la kuangaliwa!

Lakini kilichonimaliza ni ile sauti iliyorekodiwa ya dada anayepokea simu za mfumo: bonyeza moja kwa bati, bonyeza mbili kwa saruji. Tukamjaribishia mzee mmoja mteja wangu wa Nanyamba. Akaanza: "Salama huko? Watoto hawajambo? Mvua imeshanyesha?" Dada anamwambia hujachagua. Mzee anaendelea, "Na korosho mwaka huu?" Dada akamkatia. Mzee kaja dukani mwenyewe amenuna, anauliza huyo mwanamke asiyeitikia salamu nimemuoa lini, na mke wangu amesimama palepale.

Nikasema basi, mfumo nitauchukua kwa mwezi mmoja wa majaribio, kifurushi cha chini, ila yule dada simtaki. Salamu narekodi mwenyewe. Nimerekodi jana: nimeamkia, nimeulizia wazee, watoto, mvua, mikorosho, waliofiwa nimewapa pole, ndipo nikaja kwenye bati. Mpwa ananiambia mfumo unapokea sekunde thelathini tu, nipunguze. Nipunguze wapi sasa, kwenye wazee au kwenye mikorosho?