Wafundisheni kuogelea kwanza

Juzi Sabasaba nilisimama nyuma ya kaka mmoja aliyekuwa akibishania bei ya sabuni. Kipande cha sabuni ya mwani, elfu tatu. Kaka yule akamwambia muuzaji, mama wa makamo aliyejitanda kanga, "Mama, haya si majani ya baharini tu? Mnayaokota bure, elfu tatu ya nini?" Mama hakubishana. Akashuka mpaka elfu mbili, akamfungia. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye vidole vyake. Ncha zimechanikachanika, zimekuwa nyeupe kama zilizolowekwa usiku kucha. Vidole hivyo nimekua navyo. Ni vidole vya mama yangu mdogo wa Mlingotini, kule Bagamoyo.

Mnayaokota bure. Nimerudi nalo neno hilo mpaka Mbagala, na bado linanichoma.

Kuokota kulikuwepo zamani, ni kweli. Watu wa pwani waliokota mwani wa mwituni, wakaukausha, wafanyabiashara wakausafirisha nje. Wavuvi wa madema nao wameutumia kama chambo cha samaki aitwaye chafi. Lakini Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alianza mapema kusema kwamba mwani unalimika, na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani, huko Zanzibar, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Tangu hapo hili ni shamba kama shamba la mpunga. Unapigilia mambo, yaani vigingi vya mti, mchangani, unakaza kamba, unafunga mbegu moja moja kwa taitai, vile vikamba vya plastiki, unangoja wiki kama sita, unavuna, unabeba gunia linalochuruzika maji kichwani. Kisha unaanika. Kilo saba mpaka kumi za mwani mbichi zikikauka unabaki na kilo moja, na kilo hiyo, ikiwa ni spinosamu, aina ya mwani ya bei ya chini, kwa miaka mingi imeuzwa kwa mamia ya shilingi tu.

Na huyo kaka wa sabuni, bila shaka asubuhi alipiga mswaki. Dawa nyingi za meno hushikana kwa karajinani, kitu cha kugandishia kinachotolewa kwenye mwani wa aina hii hii, na aiskrimu nazo, na nyama za kopo. Waayalandi walichemsha mwani wao na maziwa kutibu kifua, na jina la karajinani limetoka kwao. Korea mzazi hunyweshwa supu ya mwani, kama sisi tunavyompikia mzazi uji wa pilipili manga. Sisi tunaoulima ndio tunaouita majani.

Lakini siandiki kwa sababu ya sabuni. Naandika kwa sababu ya maji.

Mwani uko wa aina mbili kwa wakulima wetu: spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, kwa kawaida karibu mara mbili ya mwenziwe, kwa sababu karajinani yake huganda vizuri zaidi. Lakini kotonii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi, yale ambayo mama anayafikia kwa miguu bahari ikipwa, yamezidi kupata joto, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 kotonii imekuwa ikifa mashambani. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, na unachokikuta asubuhi ni kamba tupu. Mama mdogo alishawahi kupoteza shamba zima hivyo. Alikaa siku mbili bila kusema na mtu.

Watafiti, Dkt. Flower Msuya akiwa mstari wa mbele, wameeleza dawa yake miaka mingi: peleka kotonii kwenye maji ya kina, kwenye ubaridi, kwa kamba zinazoelea au kwenye neti ndefu zilizoshonwa kama mabomba. Inakua vizuri huko. Sasa nani ataifuata huko? Wakulima wa mwani Zanzibar wengi mno ni wanawake, karibu wanane katika kila kumi, na bara hali haiko mbali na hiyo. Wengi wao hawajui kuogelea. Wamezaliwa hatua hamsini kutoka baharini, wamezeeka baharini, na maji yakifika kifuani wanarudi nyuma. Mtoto wa kiume wa Mlingotini anajirusha kutoka kwenye ngalawa akiwa na miaka sita. Dada yake anaitwa nyumbani akaoshe vyombo.

Kwa hiyo joto la bahari linamwondoa mwanamke kwenye mwani wenye pesa, na hakuna aliyekaa kikao akaamua hivyo. Hilo ndilo linaloniuma. Tunaandika mikakati ya uchumi wa buluu, tunachapa vipeperushi vyenye picha ya mama ameshika kamba anacheka, na mama huyo akiteleza kwenye mtumbwi ni maiti.

Nakubali, boti zimegawiwa, hasa Zanzibar. Ni jambo jema, sitalipinga. Lakini mpe boti mtu asiyejua kuogelea uone anavyoishika kingo. Atamwajiri kijana amwendeshee, na kijana atachukua sehemu yake ya mavuno.

Yapo mengine ya kusahihisha. Vigingi vya mashamba vinakatwa kwenye mikoko. Taitai za plastiki zinaachwa baharini. Nyasi za bahari zinang'olewa ili kusafisha shamba, na hapo ndipo samaki wadogo wanapokulia. Yote yanahitaji kushughulikiwa, na wakulima wenyewe wanayajua kuliko sisi wa mjini.

Kuna watakaosema mila haziruhusu wanawake kuogelea. Nungwi, Zanzibar, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa na mavazi yanayowasitiri mwili mzima, na mafunzo yamefanyika. Mila haikuanguka. Na kufundisha kuogelea hakuhitaji fedha za wafadhili: kunahitaji mtu anayejua, dumu tupu la lita ishirini la kuelelea, na wakati. Wakati upo. Siku za maji mafu bahari haipwi ya kutosha, mashamba hayafikiki, na akina mama wanakaa nyumbani wakisuka ukili.

Nilimpigia mama mdogo usiku ule ule, nikamwambia mimi nimejifunza Kigamboni nikiwa mtu mzima, nitakuja kumfundisha. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, na umri huu?" Baadaye akanitumia ujumbe: njoo maji mafu yajayo, lakini iwe alfajiri kabla vijana hawajashuka pwani, na jirani zangu wawili wanauliza kama na wao wanaweza kuja.