Nyasi za Turkana, moto wa Arizona

Kila zinaposambaa picha za jangwa la Sonora, kule Arizona, Marekani, likiwaka moto, watu hulaumu jua kali, radi au mtu aliyetupa kipisi cha sigara. Sawa, lakini cheche peke yake haifiki mbali. Jangwani vichaka vimesimama mbalimbali na katikati ni udongo mtupu, kwa hiyo moto ukianza unakosa cha kula na kuzimika.

Kilichoziba nafasi hizo ni nyasi, tena za kwetu. Zinaitwa Cenchrus ciliaris, na mbegu za aina iliyoenea sana huko zilitoka Turkana. Wamarekani walizipanda Texas miaka ya 1940 wakitafuta malisho ya kuvumilia ukame. Zikavumilia kupita kiasi! Zikikauka zinaunganisha kichaka na kichaka, zinaungua kwa joto kali, na mvua ikinyesha zinachipua tena kutoka kwenye vitako vilivyobaki ardhini. Mpungate mkubwa uitwao saguaro haujui mchezo huo. Unaweza kuishi miaka 150, na mara nyingi hupita 50 kabla haujatoa tawi la kwanza. Ukiunguzwa, unaweza kusimama mwaka mzima au zaidi ukiwa na rangi yake ya kijani, mpita njia akadhani umepona, kumbe unakufa polepole.

Hata hivyo siungi mkono wanaosema moto ni adui wa malisho popote pale. Waborana wa kusini mwa Ethiopia walikuwa wakichoma nyanda zao kupunguza vichaka na kupe. Serikali ilipopiga marufuku miaka ya 1970, miba ikatamalaki na ng'ombe wakapungukiwa nyasi. Mifugo kujazana nako kulichangia, sikatai. Lakini nyasi za kule zimezoea kuungua tangu zamani, saguaro haukuzoea. Sheria moja ya moto kwa nchi zote kavu ni uvivu wa ofisini.

Wala nyasi hizo za Turkana zenyewe hazina kosa. Kitui na Baringo wafugaji wanazipanda kufufua ardhi iliyochakaa, na wanafanya vyema. Arizona ilizitangaza kuwa gugu hatari mwaka 2005, na karibu na mji wake wa Tucson watu wa kujitolea hupanda milimani na mitaimbo kuzing'oa, shina baada ya shina, mizizi na yote. Kazi hiyo haipigwi picha kama helikopta inayomwaga maji, ila ningekuwa na bajeti, ningeanza na wao.