Norway walibaki nyumbani, kwani waliiba nini?

Ikitajwa tu ile winta ya 2020/21 kwenye mbio ndefu za skii (zile za kuteleza na mbao ndefu miguuni kwenye theluji, cross-country) lazima atokee mtu aseme Norway walijificha. Baada ya mashindano ya Ruka, Finland, mwishoni mwa Novemba, korona imepamba moto, wao na Sweden na Finland wakagoma kwenda kwenye mashindano yaliyofuata ya Davos (Uswisi) na Dresden (Ujerumani), afu Norway wakaruka mpaka Tour de Ski ya Januari, ule mfululizo wa mbio za siku kadhaa. Vijana wao wakabaki nyumbani wanapiga tizi, hadi mashindano ya Lahti, Finland, mwishoni mwa Januari ndo tukawaona tena. Sasa Oberstdorf, Ujerumani, kwenye ubingwa wa dunia wa 2021, wakabeba dhahabu 9 kati ya 12, na hapo ndo kelele zilipoanzia, eti walikuja wamepumzika wakati wenzao wametoka kuzunguka mahoteli na viwanja vya ndege.

Haya, hiyo 9 tuiangalie vizuri maana kila mtu anaishika kama ushahidi. Ubingwa wa dunia uliotangulia, pale Seefeld, Austria, 2019, walibeba ngapi? 10 kati ya 12, na msimu ule hawakujifungia popote, nyota wao Klæbo alitoka kushinda hiyo hiyo Tour de Ski. Yaani kwa hesabu za hawa wanaolalamika, kukaa nyumbani kuliwapunguzia dhahabu moja! Sisemi kuliwapunguzia kweli, nasema hiyo namba haithibitishi lolote. Johaug, nyota wao wa kike, alishinda skiathlon (mbio moja yenye mitindo miwili ya skii), kilomita 10 na kilomita 30 mwaka 2019, akazishinda zote tena 2021. Mwenzao Holund aliyechukua kilomita 15 Oberstdorf ndo yule yule wa kilomita 50 Seefeld. Na kama kukimbia winta nzima kunachosha hivyo, mbona Bolshunov wa Urusi alishinda Tour de Ski nzima ya 2021 na bado akaondoka Oberstdorf na medali nne, mojawapo dhahabu?

Kingine watu hawaangalii kazi yenyewe ilivyo. Mtu wa skii wa kiwango hicho anafanya mazoezi saa 800 mpaka 1,000 kwa mwaka, nyingi za mwendo wa taratibu tu, mashindano ni sehemu ndogo sana ya hizo saa. Ukiwa na theluji karibu na kwako na wapinzani wako wagumu ndo hao unaofanya nao mazoezi, hukosi kikubwa. Sprint (mbio fupi) ya wanaume Oberstdorf, kwenye jukwaa la medali walisimama Klæbo, Valnes na Taugbøl, wote Norway, sasa hapo nani alihitaji kupanda ndege kutafuta ushindani? Tena mwaka ule ukipata korona si mafua ya siku tatu, ni mapafu, na mapafu ndo ofisi yao.

Hoja ya upande wa pili ninayoikubali ni kwamba nyumbani kwa Norway si nyumbani kwa kila mtu. Philip Boit wetu wa Kenya, kabla ya Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano 1998, ilibidi aende Finland kujifunza na kufanya mazoezi, Eldoret theluji utaitoa wapi. Nchi ndogo zikikosa mashindano hazina ligi ya ndani ya kuzibeba, kwa hiyo huo uamuzi ni anasa ya wachache, sawa kabisa.

Na Jessie Diggins ndo aliyedhurika na huo uamuzi, hilo pia nakubali. Mmarekani wa kwanza kushinda Tour de Ski, akachukua na kombe la jumla la pointi za msimu, mpaka leo kuna wanaomwambia ni kwa sababu Johaug hakuwepo, na alivyomaliza wa nne kwenye kilomita 10 Oberstdorf bila medali wakazidi kumcheka. Ila hapo wa kulaumiwa ni hao wanaocheka. Shirikisho la skii liliamua mbio ziendelee na pointi zihesabiwe kama kawaida, Diggins akawapiga wote waliofika, na waliobaki Norway walijua fika wanaacha pointi mezani.