Karani anajua tajiri ana kiasi gani

Fundi au dereva akiambiwa mwezi huu biashara imekuwa mbaya, anaweza kuamini. Karani hawezi, maana leja ameiandika mwenyewe.

Nilifanya ukarani miaka sita kwa mtu mwenye mkono wa birika. Kila mwisho wa mwezi nilifunga hesabu, nikaona salio limepanda, kisha nikateremka hadi kwenye mstari wenye jina langu na kuandika tarakimu zile zile za mwaka juzi. Mwandiko wangu, kwa kalamu niliyoinunua mwenyewe. Ya ofisini hupewi mpya mpaka uonyeshe ya zamani imekauka. Funguo za sefu aliniachia bila wasiwasi. Kalamu alinihesabia.

Sikuchukua hata senti, na watu walinisifu kwa hilo. Sifa hizo ndizo zinazoniuma. Uaminifu wangu ulikuwa wangu, nilirithishwa na wazazi. Yeye aliuchukua kama ridhaa. Kwa kuwa sikuiba, akaona nimeridhika. Kwa kuwa sikuhama, akaona ananilipa vya kutosha. Husemwa kwamba bahili anajidhulumu mwenyewe. Sikubali. Anayedhulumiwa ni mtoto wa karani anayerudishwa nyumbani kwa kukosa ada, huku baba yake amekaa mbele ya fedha anazozihesabu kutwa nzima.

Sheria ina mahali inapofika. Mkataba namba 131 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1970, unataka kima cha chini cha mshahara kirekebishwe mara kwa mara, kwa kuangalia mahitaji ya mfanyakazi na familia yake pamoja na gharama za maisha. Lakini karani hulipwa juu kidogo ya kima hicho, na hapo juu kidogo ndipo bahili anapojificha. Tajiri wangu hakuchelewesha mshahara hata siku moja. Hakuna mkaguzi ambaye angemkuta na kosa.

Ndiyo maana nasema nyongeza isingoje kuombwa. Mwenye aibu haombi, na makarani waaminifu wengi ni watu wa aibu. Mimi niliomba mara moja tu, nimesimama, mikono nyuma. Akanijibu huku anaendelea kusoma barua.

Siku ya kuondoka nilimkabidhi kijana mpya leja, hesabu ziko sawasawa. Akaniuliza mstari wa mshahara wake aandike ngapi. Nilimfunulia kurasa za miaka sita, nikamwonyesha salio kwanza.