Eti "mwanafunzi ataweza kuchambua"

Hivi nyie wenzangu wa chuo huwa mnaisoma ile kozi autilaini tunayogawiwa wiki ya kwanza? Mi nimeisoma juzi baada ya kuona koswek yangu, yaani alama za testi na asaimenti, 17 kwa 40, nilikua natafuta pa kukatia rufaa. Nikakuta maneno matamu hayo, kizungu cha suti na tai, eti mwisho wa kozi mwanafunzi ataweza kuchambua, kubuni na kutathmini mpango wa biashara. Nikacheka peke yangu kama chizi, maana testi ya kwanza iliuliza taja sifa sita za mpango mzuri, nikataja tano, ya sita ikabaki kwenye desa, zile notsi za kukariri, na desa lenyewe lipo hosteli chini ya godoro. Uchambuzi wenyewe ndo huo.

Njoo kwenye asaimenti ya kikundi sasa. Kava lina majina 12, kurasa zote 9 nimeandika mimi mpaka umeme ukakatika nikamalizia na tochi ya simu, halafu aliyeenda kuprinti stesheneri mi naitwa Amini kaniandika Amina, na hizi ndevu. Siku ya prezentesheni kuna mmoja kazi yake kusogeza slaidi tu, mwingine kasema mwenye swali aulize akakaa, wote tukapewa 7 kwa 10. Yule aliyetoa mia tano ya kuprinti ananiambia kazi yetu imekubalika. Yetu!!

Bado UE, mtihani wa mwisho wa muhula, yenye 60. Hapo ni kukesha na past pepa za miaka mitano, maana lekchara wetu maswali yake ni kama sufuria za kukodi, yanazunguka kila shughuli. Ukiteleza ni sapu, mtihani wa marudio, na sapu hata uandike kama malaika unatoka na C yako. GPA, wastani wa alama zako, ikigoma kwenye 3.4 imekula kwako, apa sekondi, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5.

Jana mama kapiga simu. "Amini mwanangu, wewe si ndo unasomea biashara, hebu niambie nikichukua vifaranga mia, chakula mpaka niwauze kitakula shilingi ngapi na mimi nabaki na nini?" Nikakohoa weee. Nikamwambia mama, kwanza mpango mzuri una sifa sita.

Akasema haya baba, zitaje.

Nikataja tano.