Goti langu na ile bahari ya kwenye telefone

Siku kine, ule mtu wa kunyoosha viungo, aliniambia "papa, funga macho, vuta pumzi pole pole, ona goti lako linakunjika", nilicheka mpaka kovu likauma. Nilikuwa nimetoka kupasuliwa ligamenti ya ndani ya goti, ile kamba inashikilia mifupa, yote sababu ya mpira wa jioni kwenye matope, goti limevimba kama mpira wenyewe, na huyu mtu ananiambia nifunge macho!

Lakini paja ndilo lilinitisha. Anasema kaza, mi nakaza, paja linaniangalia tu. Kumbe goti likivimba ubongo unapunguza amri kwa misuli ya paja, eti unakulinda, basi unalala pale unalibembeleza paja lako mwenyewe kama mtoto amegoma kula.

Yaya, ndugu yangu mkubwa, akanitumia audio ya Kifaransa, sauti ya mama mmoja mpole, mawimbi, mchanga wa moto. Mi bahari nimeiona kwa televisheni tu, mi ni mtu wa Bukavu, nikifika kwa ule mchanga naanza kujiuliza magongo yatazama ama vipi. Nikaifuta. Nikachukua ya kwetu: wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, saa ya magaribi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa ziko tayari, banaimba banapiga kasia banaingia katikati ya ziwa Kivu. Kasia ikizama navuta hewa, ikitoka naiachia, dakika kumi hivi mabega yanashuka yenyewe. Mama anachungulia mlangoni, "mwana, unaomba ama unalala?"

Kisha nashuka ngazi za mtaa wetu, Kadutu, kichwani tu. Kisigino, goti linakunjika, paja linashika. Ngazi ya tatu iko na jiwe linatikisika na kila nikifika pale, hata macho yamefungwa, nasimama na moyo unadunda, njo nikajua shida haikuwa maumivu peke yake, nilikuwa naogopa goti langu mwenyewe. Hiyo picha za daktari hazikuionyesha.

Na isiwe mtu anasema ni mambo ya kujifariji tu. Mwaka 2001 Cupal na Brewer, wa Marekani, walichukua watu 30 waliotengenezewa ligamenti hiyo hiyo, wakawagawa makundi matatu, na kwenye wiki ya 24 wale waliofundishwa kulegeza mwili na kuona picha kichwani walikuwa na goti lenye nguvu zaidi, maumivu kidogo, na woga wa kuumia tena umepungua. Watu 30 ni wachache, nakubali. Ila haina bei, na mji wote huu ni milima, mtu wa goti hana mahali pa kukwepa ngazi, sasa kwa nini kine mmoja tu kati ya watatu niliopitia ndiye alinitajia hii kitu? Wale wengine ni kunja, nyoosha, lipa, kesho.

Na mazoezi usiache hata siku moja, wavuvi hawatakukunjia goti. Mi nilikuwa nafunga macho kwanza, robo saa, halafu nakunja.

Mwezi wa nne nikashuka kweli, mkono ukutani, jasho, mama nyuma yangu anataja Yesu. Ngazi ya tatu natafuta lile jiwe na mguu, hakuna, jirani alishaling'oa zamani, anazuia nalo mlango wa kuku.