Matawi ya mikoani sio vikao tu

Jamani asanteni kwa hii habari ya CMOS, chama cha wanasayansi wa hali ya hewa na bahari Kanada, ila hapo mliposema shughuli za mwaka za matawi ya mikoani ni vikao tu mi sikubali kabisa. Naishi Halifax, mji wa jimbo la Nova Scotia huku Kanada, kwetu Kilwa. Kimbunga Fiona kilipopiga Septemba 24, 2022 hatukulala, madirisha yanatetemeka usiku kucha, kunakucha mti wa jirani umelalia gari na umeme hakuna, Nova Scotia nzima wateja zaidi ya laki 4 gizani. Kisiwa cha Hart, huku huku Nova Scotia, mgandamizo wa hewa ulishuka mpaka milibari 932.7, Kanada haijawahi kupima chini ya hapo. Sasa baadae nikaenda jioni moja kwenye tawi letu kumsikiliza mtaalamu, akachukua beseni la maji akatuonyesha hewa ikipungua uzito bahari inainuka, kila milibari 1 kama sentimita 1 hivi, alafu upepo unasukuma maji juu yake, ndo maana kule Port aux Basques, mji wa pwani kisiwa cha Newfoundland, nyumba zilibebwa na bahari. Nikasema kumbe! wazee wetu wanavyoogopa bamvua likikutana na upepo mkali ni hesabu ile ile. Na haya yanaelezeka vizuri kwa sababu wa hewa na wa bahari wako chama kimoja tangu 1977. Vancouver wana mafuriko yao, Winnipeg wana vimbunga vya nchi kavu na ukame, sasa bila matawi nani atakaa na watu wa huko awaelezee ya kwao? Andikeni tena, safari hii nendeni mkakae nao.